Aliyenisindikiza Hadi Korongoni

Kama una kicheko, kimalize kwanza, kwa sababu jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Watu hudhani mizimu ni ya usiku. Laiti ingekuwa hivyo.

Mimi na mdogo wangu Yona tulikuwa na wazimu mmoja: kusafiri porini kwa baiskeli. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na baiskeli za gia za mtumba zimejaa Dodoma. Majirani zetu wa Makole walitushangaa. Mtu anaendesha baiskeli mpaka Mpwapwa bila gunia la mkaa, bila hata kuku, anafuata nini? Tulikuwa tukienda tu. Yona aliendesha yake nyuma yangu siku zote, kama utotoni, alipokuwa akiikimbilia baiskeli ya baba nikitumwa mashineni kusaga. Nikimwambia "Yona, rudi," aligeuka palepale bila kununa. Mtoto gani mwingine hufanya hivyo?

Kiangazi kimoja, miaka kadhaa baadaye, malaria ilinilaza, Yona akaenda peke yake, kutoka Mlali kuelekea Kibakwe kwa njia za ng'ombe. Baiskeli yake ilipatikana imeegemezwa kwenye mgunga, tairi limepasuka. Yeye hakupatikana. Wanavijiji walitusaidia kutafuta mpaka wakachoka, na siwalaumu. Mama akakataa kuweka matanga.

"Simlilii mtu ambaye sijamzika," alisema.

Akaacha kulala. Alikaa mlangoni na khanga yake mabegani, na kila kengele ya baiskeli ilipolia barabarani, aliinuka. Niamini, moyo wangu ulikatika kila alipoinuka na kila alipokaa tena.

Nikaamua kurudi kule na kifaa cha GPS, nilipekue pori lote bila kupotea na mimi. Nilikwenda kwa Mama Shani, aliyekuwa akiuza redio na vifaa vya mtumba mjini. Alikuwa na viwili. Kimoja kilikuwa kikubwa, kina ramani ya rangi, na nilikitamani kweli.

"Mwanangu, itafute Kibakwe humo," aliniambia.

Nikaitafuta. Mkoa wetu mzima ulikuwa weupe mtupu.

"Na hiki kinachajiwa kwa umeme. Huko uendako utakichomeka kwenye kichuguu?"

Akanipa kile kidogo. Kilikuwa na mshale, alama za mahali unazohifadhi mwenyewe, na mstari wa njia uliyopita, basi. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa, kioo chake kilisomeka juani, na kilitumia betri ndogo zinazouzwa hata kijijini. Nikakifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Hata leo ukiniuliza, nitakushauri uchukue cha namna hiyo. Porini unachohitaji ni kitu kinachojua ulikotoka.

Nikaweka alama Mlali, nikaanza kuzifuata njia za ng'ombe moja baada ya nyingine. Mchana mmoja mchanga ulinishinda, nikashuka kukokota. Mtu akatokea vichakani, amejifunga kitambaa usoni kama wafanyavyo watu vumbi linapozidi.

"Shikamoo, kaka." Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Marahaba. Chukua maji."

"Nimeshazoea. Unakwenda wapi?"

"Namtafuta ndugu yangu."

"Basi nikusindikize."

Kwetu ndivyo ilivyo, mgeni haachwi ashike njia peke yake. Nikamfuata. Akaulizia nyumbani, kama mtu yeyote anavyoulizia.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, ila halali."

"Mwambie alale."

Unadhani nilishtuka? Wala. Nilidhani ananifariji tu.

Tulifika kwenye korongo kavu, akasimama. Nawe unaijua desturi: anayesindikiza hageuki mpaka mgeni amwachie. Nami nikasema kwa adabu, kama nilivyofundishwa, "Asante, ndugu yangu, umenifikisha mbali. Rudi sasa."

"Haya, kaka."

Akageuka palepale. Ndipo nikauona mguu wake wa kulia. Suruali ilikuwa imefungwa kifundoni kwa kipande cha tyubu nyekundu, ili isiliwe na mnyororo. Sasa niambie, mtu wa miguu anafungia nini suruali? Namjua mmoja tu aliyekuwa akiifunga hivyo, kwa tyubu nyekundu, kila siku ya maisha yake.

"Yona!"

Nikaitupa baiskeli, nikakizunguka kichaka alichopitia. Hapakuwa na mtu. Niliita mpaka sauti ikanikauka kama yake.

Nilimkuta chini ya ukingo wa korongo, palepale aliposimama. Ilikuwa mifupa, viatu, na mpira ule mwekundu ungali umefungwa. Nikahifadhi alama ya mahali pale ili niweze kurudi na watu. Kifaa kiliniuliza niipe jina gani, nikaiacha bila jina.

Tulimleta nyumbani tukamzika. Mama alikilia kile kilio alichokuwa amekiweka, kisha nikampa salamu zake: alale. Hakuuliza zimetoka kwa nani. Alilala mpaka jua likawa juu.

Asiyelala sasa ni mimi. Ile alama niliifuta siku nyingi. Lakini mpaka leo nikikiwasha kile kifaa, mshale huzunguka kidogo, halafu huelekea korongoni. Fundi amekikagua, hakuona kasoro.

Kwa hiyo nakuasa, wewe unayesafiri porini: mtu akikusindikiza, usiwe mwepesi wa kumwambia arudi. Mwombe afunue uso kwanza. Mshike mkono, muulize yeye ni mtoto wa nani. Mimi nilimtafuta mdogo wangu pori zima, nikatembea naye, nikazungumza naye, na neno langu la mwisho kwake likawa lilelile la utotoni. Naye, kama kawaida yake, alinisikia.