Wimbo wa Jikoni Ambao Grupu Nzima Haikuujua

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya kawaida. Familia ya mjini miaka ya sabini, baba karani wa reli, mama mkali, mabinti wawili wanaopenda wanaume wasiofaa. Sikuifuata kwa ajili ya mabinti. Niliifuata kwa ajili ya nyimbo. Kila kipindi walipiga nyimbo za dansi za zamani, zile zenyewe kabisa, pamoja na mikwaruzo ya santuri, na mwishoni hawakuandika popote kwamba ni za nani.

Mwalimu mwenzangu pale shuleni Mwankoko ndiye aliyeniingiza kwenye grupu ya mashabiki. Nilidhani watakuwa wanabishana kuhusu wale mabinti. Kumbe kazi yao ilikuwa moja tu, kutambua nyimbo. Kipindi kikiisha, simu inaanza kutetemeka mezani. Mmoja anataja bendi, mwingine anampinga, mwingine anaapa kwamba mpiga tarumbeta yule alikuwa jirani yao. Kulikuwa na mama wa Tanga, muuguzi mstaafu, aliyeweza kuutambua wimbo kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kulikuwa na mzee wa Tabora ambaye hakuwa anaandika, alituma sauti tu, na kila mara alikohoa kwanza.

Mimi nilikuwa msomaji. Nyimbo zile nilizijua ukubwani, kwa sababu kwetu Kinyangiri hazikupigwa. Mama hakutaka dansi ndani ya nyumba. Taarifa ya habari ikiisha na muziki ukaanza, aliinuka akazima redio, na sisi watoto tulichukulia kwamba ni mambo ya kanisa.

Kisha ikaja ile siku ya jikoni. Mama wa kwenye tamthilia alikuwa peke yake, anasonga ugali, na redio iko dirishani. Likaanza gitaa, taratibu, halafu mwanaume akaimba kwa Kiswahili kuhusu safari. Nilikuwa napiga pasi. Katikati ya wimbo yule mwanaume akaacha Kiswahili, akaimba maneno machache kwa lugha nyingine, na mimi nikabaki na pasi mkononi, imeelea juu ya sketi.

Kilikuwa Kinyiramba. Cha kwetu kabisa, na ule uvivu wa mwisho wa maneno ambao watu wa mjini hutuchekea. Alisema: fungeni ndama, msiniwekee chakula, bado niko njiani.

Mume wangu aliuliza kama nimeungua. Nilimwambia hapana, nisubiri.

Kwenye grupu mambo yalikuwa yameshaharibika. Mama wa Tanga aliandika, "Huu siujui," na watu wakashtuka kuliko walivyoshtushwa na jambo lolote kwenye tamthilia. Mmoja akasema lugha ile ni Kisukuma. Mwingine akasema ni ya Kongo. Nikaandika kwa mara ya kwanza tangu nijiunge: "Ni Kinyiramba. Ni lugha ya nyumbani kwetu." Nikawatafsiria. Walinishangilia kama mtu aliyefunga goli. Wakataka kila neno, lakini kulikuwa na sehemu ambayo mwimbaji aliharakisha na gitaa likamfunika, sikuipata vizuri. Nikaahidi kwamba nikienda nyumbani nitamsikilizisha mama.

Shule zilipofungwa, alizeti ilikuwa tayari imekauka mashambani. Nilipanda basi kwenda kuwasaidia wazee kupiga alizeti. Niliposhuka Iguguno kutafuta bodaboda, kwenye simu ukaingia ujumbe. Mtu mmoja wa Morogoro, anayekusanya kanda za zamani, alikuwa ameupata wimbo mzima. Ulikuwa mrefu, na ile sehemu ya kwenye tamthilia ilikuwa mwanzo wake tu. Barabarani pale kulikuwa na kelele za malori, hivyo niliupakua tu, nikaweka simu kwenye mkoba.

Niliwakuta wazee wangu uani, kila mmoja na fimbo yake, wanapiga vichwa vya alizeti kwenye turubai.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba, mama. Umekuja peke yako?" baba aliuliza. Yeye huniita mama tangu nikiwa mdogo.

Nilibadilisha nguo nikakaa nao. Tulifanya kazi, tukala, mama akachukua ungo akaanza kupepeta, na baba akaegemea ukuta wa ghala na kikombe chake cha chai. Ndipo nikasema, "Mama, kuna wimbo una Kinyiramba ndani yake. Watu wa Tanga na Morogoro wote wameshindwa. Kuna mahali sikumsikia vizuri, sikiliza uniambie anasema nini."

"Wimbo wa dini?"

"Wa zamani tu."

Nikabonyeza. Gitaa likaanza. Mama aliendelea kupepeta, uso wake uko upande, kama mtu anayemvumilia mtoto. Yule mwanaume alipofungua mdomo, mikono ya mama ikasimama. Nilidhani anasikiliza maneno. Mwimbaji alipofika kwenye ndama, ungo ukamtoka mama, mbegu zote zikamwagika miguuni kwake, na kuku wakazikimbilia. Hakuna aliyewafukuza.

"Zima," alisema.

Nilizima.

"Huyo ni kaka yangu."

Nilijua kwamba mama alikuwa na kaka. Tulijua kwamba alikuwepo, kwamba alikimbia nyumbani akifuata bendi iliyokuja kupiga Singida mjini, akaacha ng'ombe kisimani wakaingia kwenye mtama wa jirani. Tulijua pia kwamba babu alimfuata hadi Tabora kumrudisha, na kwamba alirudi na shati la mjomba likiwa limekunjwa, akasema kijana amekufa kwa homa, wamekwisha kumzika huko. Mama alikuwa msichana ambaye bado hajaolewa. Walinyolewa wote. Matanga yalikaliwa. Hiyo ndiyo habari tuliyokua nayo, na haikuwa na mahali popote ambapo mjomba alirekodi wimbo.

"Labda aliuimba kabla ya homa," nilisema.

Mama alinyoosha mkono. "Washa tena."

Nikauwasha toka pale tulipoishia. Mwimbaji akarudi kwenye Kiswahili, gitaa likapanda, kisha ikaja ile sehemu aliyoharakisha. Katika ua uliotulia niliisikia vizuri. Alisema kwa Kinyiramba: nisalimieni dada yangu, nisalimieni mtoto wake. Halafu akataja jina la mtoto.

Lilikuwa jina langu. Si la shuleni. Lile la nyumbani, ambalo bibi alinipa kwa sababu nilizaliwa mvua ilipokuwa imekataa, na ambalo hakuna mtu nje ya ukoo anayelijua. Mtu aliyeliliwa, watu wakanyolewa kwa ajili yake, kabla mama yangu hajaolewa alikuwa ananitaja kwa jina, kwa sauti ya kijana, kutoka kwenye simu niliyoishika mwenyewe.

Mama hakulia. Alinitazama mimi, akaitazama simu, kisha polepole akageuka kumtazama baba.

Sikuwa nimemwangalia baba muda wote ule. Alikuwa ameweka kikombe chini.

"Alisema atamweka mtoto kwenye wimbo," baba alisema. "Nilidhani ni maneno ya pombe. Sijawahi kuusikia mpaka leo."

Kuku walikuwa bado wanakula. Mama alisema kwa sauti ya chini sana, "Ulimwona."

"Nilimwona."

"Wapi?"

"Tabora. Nilipokuwa utingo wa lori la vitunguu. Tulikuwa tunapakua sokoni, mtu akaniita shemeji; alipokimbia nilikuwa nimeshakuposa. Nilikimbia, kwa kweli. Nilidhani ni mzimu."

Alisimulia akiwa anatazama chini. Mjomba hakuwa ameugua homa yoyote. Babu alimkuta kwenye chumba cha wanamuziki, mzima wa afya, akamwamuru arudi, akakataa. Babu akachukua shati lililokuwa limeanikwa nje, akamwambia: kuanzia leo nimekuzika. Akarudi kijijini akafanya alivyosema, na watu wakaja kulia kweli.

"Kwa hiyo baba yangu alinyoa nywele za mama yangu akijua," mama alisema.

"Akijua."

"Na wewe ukaja ukajua."

"Aliniomba nisiseme. Alisema mzee akigundulika kwamba amekidanganya kijiji kizima kuhusu msiba, atakayeteseka ni mama yako mle ndani. Alisema mzee akifa atarudi mwenyewe. Nilimweleza kwamba umejifungua, nikamtajia na jina la mtoto. Alilia pale sokoni, mtu mzima, juu ya magunia. Mzee alipofariki nilikwenda kumchukua. Nilikuta ameshakufa, kifua kilimmaliza. Safari hii kweli."

Baba akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Ningekuja kukwambia nini? Kwamba ndugu yako aliyekufa, amekufa?"

Mama aliinama, akaanza kuzoa mbegu kwa viganja, mchanga na mbegu pamoja, akizirudisha kwenye ungo. Nilipokwenda kumsaidia alinisukuma mkono.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na ukimya ambao sikuwahi kuukuta kwetu. Mama alimpakulia baba chakula, akamwekea maji, akamjibu alipoulizwa. Lakini hakumwanzishia neno hata moja. Mimi aliniambia nimchezee wimbo asubuhi, na tena jioni, na alipousikiliza aliweka simu begani karibu na sikio, kama watu wanavyobeba mtoto anayetaka kulala. Sehemu ya jina langu ikifika alikuwa ananigusa goti.

Kwenye grupu walikuwa wananidai tafsiri. Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikasema ukweli mfupi: mwimbaji ni mjomba wangu, tuliambiwa amekufa kabla hajaurekodi, na mtoto anayesalimiwa ni mimi. Grupu ambayo hubishana hata kuhusu kofia ya mpiga ngoma ilinyamaza. Niliona alama kwamba wamesoma, wengi wao, na hakuna aliyejibu. Mama wa Tanga ndiye aliyeanza. Aliandika, "Pole mwanangu. Nimekaa chini." Baada yake ikaja sauti ya mzee wa Tabora. Alikohoa kama kawaida, nikasikia jogoo nyuma yake.

"Mimi nilikuwa napiga besi kwenye wimbo huo," alisema. "Sikutaka kuusemea, maana jina lake hatukuruhusiwa kulitaja, alituapisha. Mwambie mama yako kaburi lipo. Ninalifyeka mimi."

Nilimpa mama simu asikie mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza basi la Tabora linapita saa ngapi.

Baba aliposikia, alitoa koti lake sandukuni akalikung'uta. Mama alimwambia, "Wewe baki na mbuzi." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwanzishia, na baba alilirudisha koti bila kubisha.

Mzee wa besi alitupokea stendi. Alikuwa mrefu, amepinda, na alipomwona mama alisimama pale pale akashika kichwa. "Ni yeye mtupu," alisema. "Pua ile ile." Alitupeleka kwanza nyumbani kwake, kisha makaburini. Lilikuwa kaburi dogo lenye mawe pembeni, limefyekwa karibuni. Nilitegemea mama ataanguka. Alichuchumaa, akapanga jiwe moja lililokuwa limelala, akamuuliza yule mzee, "Alikuwa anakula kwa nani?"

"Kwangu. Mke wangu ndiye aliyekuwa anampikia, hata alipokuwa hawezi kuinuka."

Mama akainuka, akasema turudi. Alikwenda moja kwa moja hadi jikoni kwa yule mwanamke, akapiga magoti mbele yake, akashika mikono yake yote miwili. Hapo ndipo alipolia. Yule mama naye alilia, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kuangalia. Walizungumza hadi chai ikapoa. Mke wa mzee alituonyesha gitaa lenyewe, halina nyuzi, panya wametafuna pembeni. Alitaka tulichukue. Mama alikataa, akasema hapo ndipo lilipolelewa.

Tamthilia imekwisha sasa. Grupu imehamia kwenye nyingine, na kwenye orodha yao ule wimbo una jina la mwimbaji, ambalo mama aliniruhusu kuwapa. Mtu akiingia upya na kuuliza, mama wa Tanga humjibu kabla yangu.

Kinyangiri wazee wangu wanakula pamoja, wanakwenda kanisani pamoja, na mama amerudi kumtania baba kuhusu kutosikia kwake vizuri. Nilidhani limepita. Lakini likizo iliyopita nilikuwa pale baba alipochukua baiskeli, akasema anashuka Iguguno kununua dawa ya mifugo. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Huko Iguguno," alimuuliza, "umemwona nani ambaye hujaniambia?"

Baba aliiegemeza baiskeli ukutani. Kisha akaanza kumtajia mmoja mmoja watu wote aliowaona safari iliyopita, na mama akaendelea kuchambua mboga, akimsikiliza.