Nyumba ya Saba

Alhamisi ilikuwa siku ya kuchapa. Saa mbili asubuhi nilifungua ofisi, chumba kimoja barabara ya sokoni, nikapangusa mashini ya kuchapia na kuweka stensili ya kwanza, ile karatasi ya nta inayopitisha wino kwenye herufi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Gazeti letu lilikuwa na kurasa nne tu, lakini mji mzima ulilifuata. Wasiojua kusoma walisomewa. Mwenye gazeti tulimwita Patron. Alikuwa mhariri, na tangu uchaguzi uliopita alikuwa pia mbunge wetu.

Saa nne jirani yangu Mama Sifa, aliyekaanga mikate pale kona, alipitisha mkono dirishani akanipa mitatu ya moto. Lugha ya kwao ilikuwa nyingine, si yetu. Lakini Sifa, bintiye, nilikuwa nimembeba mgongoni tangu akiwa mchanga.

"Kula kwanza, mdogo wangu. Herufi hazikimbii," aliniambia.

Mchana Patron alileta makala aliyoiandika kwa mkono. Ilisema watu wa kabila la Mama Sifa wamejenga kwenye ardhi isiyo yao, ikataja mtaa mmoja, Avenue ya Kinu, nyumba sita. Mimi niliishi Avenue ya Kinu. Na nilijivunia kutokosea.

"Patron, si sita," nilisema. "Ni saba. Umesahau ile ya mwisho, ya mlango wa buluu."

Akatabasamu. "Andika saba."

Kisha akachukua kalamu na kuongeza kichwa cha habari: kwamba magugu yana msimu wake wa kung'olewa. Nilikiona. Nikakichapa.

Mlango wa buluu ulikuwa wa Mama Sifa.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, walikuja. Vijana wenye mapanga, na nyuma yao askari ndani ya pikapu. Mmoja alishika gazeti letu.

Nilikuwa uani nafua.

Niliwasikia wakihesabu. Moja. Mbili. Hawakuwa na haraka.

Baba alinivuta ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Sita.

Sauti moja ikasema, "Bado moja."

Sikutoka.

Walipoondoka nilimkuta Mama Sifa kizingitini. Sifa alikuwa chini yake. Alikuwa na miaka minne.

Wiki mbili baadaye ndugu za waliouawa walikuja na bunduki, na vita ikawa ya kila mtu. Baba alifia njiani tukikimbia. Nilivuka mpaka peke yangu, nikaishi kambini hadi nikaolewa, nikamzaa Neema, nikawa mjane. Sasa tunakaa Anoka, mji wa ng'ambo ya bahari. Nasafisha wodi katika hospitali huko Coon Rapids, mji wa jirani, na kwa miaka yote hiyo sikumwambia mtu habari za stensili ile.

Mwaka jana Neema, ambaye ana miaka kumi na mitano, alipewa kazi ya shule: aandike maisha ya mtu mmoja wa karne ya kumi na tisa, mwenye gazeti na mbunge wa mji mdogo ulio kaskazini mwetu. Jina lake sitaliandika. Barabara moja tayari inaitwa jina lake, hilo linamtosha. Jumamosi moja nikampeleka kwa gari kwenye makumbusho ya mji huo.

Mzee mmoja wa kike, anayejitolea pale, alitupokea vizuri. Akatusimulia jinsi bwana huyo alivyofika kutoka mashariki, mashini yake ya chapa ikiletwa kwa meli ya mvuke; jinsi alivyoanzisha gazeti kabla mji haujawa na kanisa; jinsi alivyochaguliwa mara tatu kwenda bunge la jimbo huko Saint Paul, akarudi na reli na shule. Neema aliandika yote.

Kisha akatuletea magazeti yenyewe. Kiingereza changu ni cha polepole, hivyo Neema alisoma na kunifafanulia. Kwenye toleo moja bwana huyo alilalamika kwamba wenyeji wa asili, waliokuwapo kabla ya Wazungu, bado wamekaa kwenye kona ya mto. Akaeleza njia ya kufika. Akataja vibanda vilikuwa vingapi.

Niliweka kidole kwenye ile nambari.

"Endelea," nilimwambia Neema.

Toleo la mwezi uliofuata lilitangaza kwamba kona ya mto sasa iko wazi, na ardhi yake ni nzuri kwa ngano. Juu ya waliokuwa wakiishi pale, hakuna hata mstari.

Yule mzee alishusha pumzi. "Alikuwa mtu wa wakati wake," akasema.

"Na hao wa mtoni," niliuliza, "wao walikuwa watu wa wakati gani?"

Nilipaza sauti. Neema alinishika mkono kwa aibu. Mzee alirudisha magazeti ndani ya boksi, akilinganisha pembe zake vizuri, na uangalifu ule ndio uliozidi kunichoma.

Ndani ya gari Neema aliuliza kwa Kiingereza: mbona nimekasirika hivyo kwa mtu aliyekufa zamani? Nilizima injini. Nikamweleza yote, tangu mashini hadi ile sita niliyoifanya saba.

Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa kawaida hanisemeshi nayo.

"Mama, ulijua maana ya yale magugu?"

"Nilijua kusoma," nilimjibu.

Hakunilaumu. Hakunifariji pia, na sikumtaka anifariji. Kazi yake ya shule aliiandika akiwa amefunga mlango, na hajanionyesha mpaka leo.

Bwana wa hapa alikufa kwa uzee, kitandani mwake. Patron amechaguliwa tena. Juzi nilimwona kwenye simu akizungumzia amani, amenenepa. Nawachukia wote wawili, na sitamwomba mchungaji anisaidie kuacha. Lakini chuki hiyo haijanifanya kuwa mtu mwingine; bado mimi ni yule aliyechapa.

Waliouawa Avenue ya Kinu wengi nawakumbuka kwa majina. Watoto wa nyumba ya tatu siwezi. Niliishi mkabala nao miaka mitano, na sikuwahi kuwauliza majina yao.