Ng'ombe Mmoja Mara Ishirini na Tatu

Niseme mapema: kuanzia Nyamwaga mpaka Tarime mjini hakuna mtu anayechora kwa kompyuta kunishinda. Shule niliiacha darasa la tano. Nilianza na brashi, nikichora vichwa vya watu kwenye kuta za saluni na simba kwenye madigadi ya bodaboda. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama video za simu, Kiingereza chao sikielewi, nafuata tu mshale unakwenda wapi. Leo vijana wenye vyeti wananipigia kuniuliza. Kambi za watalii upande wa Natta zimetundika nyumbu wangu kwenye kumbi za chakula, na wageni wanaipiga picha ile picha.

Siri yake ni kwamba nyumbu ni mmoja. Unamtengeneza mmoja vizuri, unamnakili, huyu unamgeuza, yule unamsogeza nyuma. Kompyuta inabeba mzigo wa mnyama mmoja, jicho linaona elfu. Hakuna mtalii aliyewahi kulalamika.

Mama yangu alipoambiwa hospitali kwamba ana presha ya macho, kwamba kinachopotea hakirudi na dawa ni ya kulinda kilichobaki tu, alikuja moja kwa moja kwangu.

"Mura," akasema. Ndivyo mama wa Kikurya anavyomwita mwanawe, hata mwana awe na mvi. "Nichoree ng'ombe wa baba yako. Nataka niwaone kabla sijafika gizani."

Ng'ombe hao walikuwa ishirini na tatu. Ugonjwa uliwamaliza msimu mmoja, nikiwa mdogo. Picha yao haipo. Nani alikuwa na kamera? Mama ndiye aliyekuwa akiwakamua.

"Hiyo kazi ya siku mbili, mama," nikamwambia. Mdomo wangu huu.

Siku ya tatu nikamketisha mbele ya kioo cha kompyuta. Zizi, nyasi zenye umande, ng'ombe ishirini na tatu, kila unywele unang'aa. Mama akasogeza uso, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, maana pembeni alikuwa haoni tena.

"Huyu ni nani?"

"Si ndio ng'ombe wetu, mama?"

"Huyu ni ng'ombe mmoja. Umempaka rangi rangi ukadhani mimi mtalii?"

"Hapana, angalia, huyu mweusi, huyu ana baka..."

"Wote wamekunja mguu ule ule. Wote nundu moja. Wamezaliwa saa moja, tumbo moja? Yule aliyekatika pembe yuko wapi? Yule aliyekuwa akinipiga teke mpaka nafuta maziwa kwenye nywele?"

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Basi nikaanza kuwatengeneza mmoja mmoja. Mama anaeleza, mimi nachora, halafu namvika manyoya. Hapo ndipo nilipopata tabu. Sisi tunasema kupika picha: ukishachora, kompyuta inakaa inapiga hesabu ya mwanga na kivuli cha kila unywele mpaka picha iive. Nyumbu mmoja aliyenakiliwa anaiva. Ng'ombe sita tofauti, kila mmoja na ngozi yake, feni inalia kama mashine ya kusaga, kioo kinaganda. Umeme unakatika. Unaanza upya.

Kila asubuhi mama anakuja. "Imeiva?"

"Bado."

"Ingekuwa ugali tungeshazikwa."

Ng'ombe wa tisa alipoiua mashine kabisa, nikamwomba achague watano tu.

"Na wengine niwaache nje ya zizi walale na fisi?"

Nikapandisha sauti. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba yeye hajui lolote kuhusu mashine, aniachie kazi yangu. Akanyanyuka. Akitoka akagonga bega kwenye fremu ya mlango anaopita miaka yote. Niliona. Sikumfuata. Nikarudi kwenye manyoya.

Karibu miezi miwili ikaenda hivyo. Asubuhi moja kompyuta ikagoma kuonyesha ngozi, nikaiweka kwenye mistari mitupu, nyeusi juu ya nyeupe, ile ninayotumia kujua tu kitu kimekaa wapi, kwa sababu ni nyepesi. Mama alikuwa anapita na kikombe cha chai.

"Aa! Yule si mpiga mateke?"

"Yupi?"

"Pale. Kiuno kimeanguka upande. Anataka kupiga huyo, sogea."

Nikatazama. Mistari minane, haina rangi wala unywele. Nilitamani kuing'oa ile kompyuta ukutani. Mimi, fundi wa mafundi, nimekaa miezi miwili napanda nywele ambazo mama hawezi kuziona, wakati alichohitaji ni mstari mnene uliokaa mahali pake. Miezi miwili ya macho yake nimeichoma kwenye feni.

Nikafuta manyoya yote. Mstari ukawa mnene pale tumbo linapolemea, mwembamba mgongoni jua linapopiga. Walio mbali nikawapa mikwaruzo mitatu tu. Picha ikawa inaiva kabla chai haijapoa. Mama anasahihisha: "Shingo chini. Chini zaidi, huyo alikuwa mwoga." Kumi na tisa aliwaona, akawakubali mmoja mmoja.

Kwa wa ishirini, mama alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Umeshamweka?"

"Nimemweka, mama."

"Sawa," akasema, na mkono wake ukawa unatafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Watatu waliobaki nawachora yeye akiwa amekaa pembeni, ananihoji. Jana tumefika kwa wa mwisho.

"Mtamba mwekundu anatazama wapi?"

"Mlango wa zizi."

"Nani kakwambia? Yule hakuutazama mlango hata siku moja. Alikuwa anatazama mkono wangu, kama una chumvi. Mgeuze."

Kumgeuza maana yake ni kufuta shingo, masikio, pembe, bega, kazi ya asubuhi nzima, kwa ajili ya mtu ambaye hataiona. Nikasonya, polepole.

"Nimesikia umesonya," mama akasema. "Mgeuze."

Nikamgeuza.