Mguu Wangu na Valvu ya Kaka

Kaka yangu mdogo aliposafiri kwenda kufanya kazi Uarabuni, aliniachia gari lake na agizo moja: nimpeleke Nyanya kliniki. Nyanya ndiye aliyetulea. Anaishi Magwagwa, moyo wake umechoka, na daktari wake yuko Kisii mjini, ambako mimi nafanya kazi ya ofisi. Mpango ulikuwa mzuri. Balaa ilikuwa gari lenyewe.

Mpaka leo sijaelewa mtu wa kumbeba nyanya mgonjwa anataka turbo ya nini. Turbo ni kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada ili gari lipate nguvu. Gari lilikuja nayo kutoka kiwandani, lakini kaka yangu hakutosheka. Alitoa eksozi akaweka nyingine pana, akabadilisha kichujio cha hewa, kisha akafunga valvu nyekundu ambayo kila unapoachia mafuta ili ubadilishe gia, hutema hewa nje kwa kishindo: pshuuu! Sabato moja nilichelewa, nikaingia uwanja wa kanisa watu wakiwa wamefumba macho katika maombi. Nilibadilisha gia mara moja tu, na mzee wa kanisa akakatiza sala. Tangu siku hiyo nafika kabla ya mchungaji.

Na gari lilikunywa. Nilikuwa natoka mjini tangi likiwa na mafuta ya kuniridhisha, nikifika kwa Nyanya taa ya onyo inaniangalia. Mshahara wangu haukuziweza safari hizo. Mwezi mmoja nikamwomba Nyanya tuahirishe kliniki. Mwezi uliofuata hakusubiri nimwombe. Alinipigia simu mwenyewe akaniambia amepona. Nilipomtembelea nilimkuta ameketi na leso ameishusha mpaka chini, na nilipoifunua miguu ilikuwa imevimba, inang'aa.

"Na usimwambie yule mtoto," akanionya. "Ataacha kazi arudi."

Basi nikafungwa mdomo. Kila Jumapili kaka yangu alipopiga simu alitaka asikie gari likilia, na mimi nilimweleza kuhusu petroli peke yake. Na yeye alikuwa na jibu moja.

"Sista, hiyo gari haina shida. Shida ni mguu yako. Unakanyaga mafuta kama unaua nyoka."

Hapo ndipo yalipoanza mateso ya mguu wangu wa kulia. Fundi wangu wa Nyakoe alibadilisha plagi, akasafisha kila kilichosafishika, akaunganisha mashine yake ya kupimia magari. Mashine ikasema injini inapata petroli nyingi kuliko inayohitajika kwa hewa yake. Jambo hilo pua yangu ilikuwa inalijua bila mashine. Fundi akafunga boneti, akapangusa mikono. "Madam, sasa imebaki wewe kupunguza mguu." Mwenzangu mmoja ofisini, mtu wa Marani asiyekuwa na hata baiskeli, akanishauri nivue viatu. Nilivua! Mwanamke mzima, mwenye heshima zangu, nikawa napanda vilima vya Nyamira miguu mitupu, nakigusa kile kikanyagio kama mtu anayeonja uji wa moto. Mshale wa mafuta ukaendelea kuteremka vilevile.

Siku uvumilivu uliponiishia nilimrudia fundi, nikamrushia ufunguo. "Leo utaendesha wewe. Mimi na mguu wangu tutakaa upande wa abiria."

Akacheka, akaingia, akaendesha kwa upole wa mtu anayesafirisha mayai. Mbele yetu kulikuwa na lori la ndizi linalojikokota mlimani, kwa hiyo akawa anapanda na kushuka gia kila mara. Pshuuu. Pshuuu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale tu. Ulishuka jinsi unavyoshuka nami. Fundi akauona pia. Ndipo nilipotazama kioo cha pembeni. Kila valvu ilipolia, moshi mweusi ulitoka nyuma. Tulipofika kwenye tambarare, gia moja, hakuna mlio, hakuna moshi.

Nikamwonyesha. Akaegesha gari kando ya barabara, akafungua boneti, akasimama pale akijikuna shingo. Alinieleza kwamba kompyuta ya gari hupima hewa inapoingia, kisha humimina petroli ya kuitosha hewa hiyo. Valvu ya kiwandani huirudisha ndani hewa iliyozidi. Hii nyekundu inaitupa nje, na kompyuta haina habari, inaendelea kumimina. Yaani miezi yote hiyo tulikuwa tunawapikia wageni ambao wameshaondoka.

"Kwa hivyo haikuwa mguu," nikasema.

"Ile ya zamani iko wapi?" akaniuliza. Msamaha hakuomba.

Ile ya zamani ilikuwa kwenye katoni chini ya kitanda cha kaka yangu, huko nyumbani, ndani ya esaiga yake, ile nyumba ndogo ambayo kijana hujengewa akishatahiriwa. Nikaenda mpaka kwa Nyanya, nikampigia kaka simu kumwomba. "Usiguse valvu yangu!" akafoka. "Na hakuna mtu anaingia kwangu." Akakata.

Alijua anachosema. Kwetu dada haingii mahali kaka yake analala. Ni aibu, haijalishi una umri gani wala umesoma kiasi gani. Nikabaki nimesimama uani nikiitazama ile nyumba kama mjinga, mgonjwa wangu amevimba miguu, na dawa ya gari iko hatua chache kutoka niliposimama. Nilitamani kulia kwa hasira.

Lakini nyanya na mjukuu wa kiume hawana aibu hiyo. Wao ni utani mtupu. Tangu kaka akiwa mtoto, Nyanya humwita "mume wangu". Akachukua fimbo yake, akavuka ua polepole kwa miguu ile ile, akipumzika njiani, akaingia. Alitoka na katoni kifuani na utando wa buibui kwenye kitambaa cha kichwa.

"Mume wangu ni mchafu," akasema. "Hata kiti cha mke hana."

Valvu ya zamani ikafungwa. Gari likawa kimya, na likaacha kunywa. Nilimpeleka Nyanya kliniki nikamrudisha kwake, na tangi bado lilikuwa na mafuta. Daktari alimpa dawa, kisha akanikaripia mimi kwa kliniki zilizopotea. Bila shaka. Nani mwingine?

Jumapili iliyofuata nilikuwa barabarani na Nyanya, simu ameishika yeye, spika imewashwa. Kaka yangu akataka kusikia gari, kama kawaida yake. Nyanya akaitoa simu dirishani, nikabadilisha gia. Kimya.

"Nani aliingia kwangu?" akauliza.

"Mimi," Nyanya akasema. "Mke huomba ruhusa ya kuingia kwake?"

Akacheka kidogo, kisha sauti ikashuka. "Magokoro," akamwita nyanya kwa lugha yetu, "nilijua inakunywa. Fundi aliyeniwekea hiyo valvu aliniambia kabla nisafiri."

Nilisimamisha gari pale pale. Sitaandika yote niliyosema. Nilimkumbusha mguu, nikamkumbusha nyoka, nikamwambia nimeendesha bila viatu kama mwendawazimu kwa sababu yake, na yeye alijua! Alisubiri mpaka pumzi ikaniisha.

"Ningekuambia ungeitoa," akasema. "Huku tunalala wengi kwa chumba moja. Nikisikia hiyo sauti, naona ni kama niko na nyinyi kwa hiyo barabara."

"Na mimi miguu imevimba nimekaa nyumbani," Nyanya akasema. Ilimponyoka. Nilimwona akifunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshavuka bahari.

"Magokoro. Ulikosa kliniki?"

"Ni mara mbili tu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeacha kazi."

"Ningeacha!"

"Ndiyo maana."

Kaka yangu akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima, katikati ya chumba kile cha watu wengi. Nyanya aliikumbatia simu kifuani kwa mikono miwili, akanigeukia kwa jicho kali.

"Umeona sasa?" akaniambia. "Umemliza mtoto."