Pasi ya Mama na Kabati la Kioo

Enzi zetu shati la shule lilikuwa moja, na pasi ya mkaa moja kwa nyumba sita. Nyinyi mliokulia Kigoma kama mimi mnajua ninachosema. Jumapili jioni mama alitoa pasi yetu, ile nzito yenye jogoo wa chuma wa kufungia mfuniko, nasi watoto tukagombania nani aipepee mkaa ukolee. Ukiipepea vibaya jivu linaruka kwenye shati jeupe, unarudi kwenye beseni kufua upya. Kisha pasi inasuguliwa kwenye jani bichi la mgomba ili iteleze, na harufu ile mpaka leo iko puani mwangu. "Shati likiungua, na wewe utaungua," mama alisema, wala hakuwa anatania. Jumatatu mwalimu wa zamu akipita mstarini kukagua kola, mimi kifua mbele.

Mama alipofariki, ndugu zangu waligawana khanga, masufuria na kitanda. Mimi niliomba pasi tu. Nikaipakata kwenye mabasi mpaka Johannesburg, na kila mpakani ofisa anauliza hili dude ni la nini. Hapa Fordsburg, ninakoshona nguo, ikakaa juu ya kabati miaka yote. Jogoo alipochomoka nilisema nitampeleka kwa fundi wa kuchomelea. Sikumpeleka.

Sasa nisikilizeni. Binti yangu Neema kazaliwa hapahapa Joburg, Kiswahili anakisikia ila kukijibu ni kazi. Yuko Uingereza anasoma. Jumamosi iliyopita kanipigia simu ya video kutoka kijiji fulani huko mashambani, nyumba zimeezekwa kwa nyasi. Nyasi, jamani! Kwetu ukiwa na nyumba ya nyasi watu wanakuonea huruma. Kule, anasema, ukitaka kuweka bati lazima uombe ruhusa, na hupewi. Haya.

Akaniingiza na simu yake kwenye makumbusho ya kijiji, chumba kimoja kilichokuwa darasa zamani. Ndani ya kabati la kioo, ikimulikwa na taa, pasi ya mkaa! Imeandikiwa isiguswe. "Mama, ona, beautiful eh?" Kando yake bibi mmoja mwenye sweta, mtunzaji wa vitu vile, anatabasamu.

Nikamwambia, ngoja nimwonyeshe huyo bibi ya kwetu. Nikapanda kiti, nikapapasa juu ya kabati. Hakuna.

"Neema, pasi iko wapi?"

"Eish, Mama. Nilipofanya usafi kabla ya kusafiri... ilikuwa na kutu. Nilimpa yule wa vyuma chakavu, anayesukuma trolley. Sorry, Mama."

Eti sorry! Mtoto katupa pasi ya bibi yake Fordsburg, halafu kapanda ndege, kalipa kiingilio, anaishangaa pasi ya bibi wa watu! Nilifoka mpaka wateja wangu wakasahau kilichowaleta. Nilikuwa nakata simu nikasikia yule bibi anauliza kitu. Neema akatafsiri: zamani watu walijuaje kama pasi imepata moto? Pale kijijini hakuna tena anayejua.

Nikamweleza, hasira zangu na yote. Unalowesha kidole kwa mate, unaigusa haraka. Ikilia chii, iko tayari. Nikakumbuka na jani la mgomba. Nikaeleza na hilo. Bibi anaandika, na Neema ananikodolea macho kama mgeni, kwa sababu alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Pasi ilikaa juu ya kabati utoto wake wote, nami sikuwahi kumwambia hata neno moja. Hapo hasira ikaanza kunigeukia mwenyewe.

Enzi zetu kitu kilikaa nyumbani kwa sababu kilikuwa na kazi, na mtoto alikijua kwa kuungua vidole. Siku hizi mpaka kiwekwe kwenye kioo, tena kwa watu, ndipo mtoto wako akione.

Yule jogoo ninaye bado, yumo kwenye kopo langu la vifungo. Neema akija likizo nitamkalisha chini, nimsimulie yote kuanzia jivu. Lakini kopo silionyeshi kwanza. Mtoto yule anapenda mno usafi.