Pigo la Elisante

Tawi bichi la mbuni likikatwa hutoa harufu ya uchungu kidogo, karibu na ya majani ya maharage yaliyopondwa. Mwezi uliopita nilikuwa napogoa mibuni aliyoiacha mama kule Marangu, harufu hiyo ikanifika, na vidole vyangu vikaanza vyenyewe kupigapiga paja. Nikaketi chini. Mtu mzima na heshima zangu, nimekaa juu ya majani makavu ya migomba nalia kama mtoto aliyenyimwa ndizi.

Vijiti vyangu vya kwanza vya ngoma vilitoka kwenye mbuni. Nilivichonga kwa kisu cha jikoni, baada ya kaka yangu Elisante kufa.

Elisante alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya tarumbeta ya kanisa la usharika wetu, na ngoma yenyewe, ile ya kuvaa kwa mkanda shingoni, aliitunza nyumbani. Riziki yake ilikuwa kubeba mizigo ya wageni mlimani. Safari moja aliteremshwa kwenye machela ya gurudumu moja, kifua kimejaa maji, na hakufika getini akiwa hai. Tukamzika kihambani, shambani petu pa nyumbani, kati ya migomba, mama akapanda sale, mmea wetu wa kuwekea kaburi alama, upande wa kichwa. Bendi ikaja kumsindikiza mwenzao bila ngoma, maana aliyejua kuipiga ndiye tuliyekuwa tunamfukia. Siku hiyo tarumbeta zilipepesuka kama watu waliotoka kilabuni.

Ngoma ikabaki sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Baba alikuwa Chekereni kwenye mpunga, akija mara moja moja, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama na mimi. Kila Jumamosi mama aliifuta ngoma vumbi, akaisimulia habari za nyumbani kwa Kichagga, ndipo akaenda kukata majani ya ng'ombe. Jumamosi ambayo hakuifuta, hakutoka kitandani. Nilikuwa darasa la tano tu, lakini hilo niliona.

Ndipo akaja Mzee Ndelilio, kiongozi wa bendi, midomo imevimba kwa kupuliza miaka yote. Alikunywa mtori wake wa ndizi ukaisha kabla ya kusema kilichomleta.

"Mama Elisante, pole sana. Lakini Krismasi watu wanarudi nyumbani, na bendi haina ngoma. Kama humu ndani hakuna wa kuipiga, itabidi tuichukue."

Mama aliokota bakuli akaenda jikoni. Mimi nikaona wazi kabisa: ngoma ikitoka, mama naye hainuki tena.

Basi nikajifunza. Mwalimu sikuwa naye, nilikuwa na masikio. Kila mama alipotoka, nilipindua ndoo nyuma ya zizi nikaanza. Mkono wa kulia ulielewa upesi. Wa kushoto ulikuwa mvivu, unangoja kuhudumiwa kama shemeji mgeni. Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakawa sugu. Ng'ombe wetu akabana maziwa kwa zile kelele, na mama akamshuku jirani kwa jicho baya. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo alivyopenda kusema Elisante. Kibaba changu mimi kilikuwa kinavuja.

Nilichokifuata ni jinsi nilivyomsikia yeye akifanya mazoezi nyumbani jioni. Kila wimbo, kabla ya ubeti wa mwisho, alichelewa kidogo, pigo likaning'inia, kisha akaukimbilia ubeti kama mtu anayeachwa na basi. Nikajifunza na hilo, tena kwa bidii kuliko mengine yote. Sikujua kuwa ni kosa. Nilidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Jumamosi moja mama akiwa kwenye majani, nikaivua ngoma kitambaa, nikapitisha mkanda shingoni. Ilinigonga magotini. Nikapiga ule wimbo alioanza nao kila jioni, nikafika kabla ya ubeti wa mwisho, nikachelewa, nikaukimbilia.

Nje mzigo wa majani ukaanguka.

"Elisante!" Mama alikuwa anakimbia. "Elisante, mwanangu, umekuja?"

Mlango ukafunguka. Alikuwa na furaha usoni ambayo sijaiona kwa mtu mwingine hadi leo. Kisha akaniona mimi. Ndugu zangu, nimehudhuria misiba mingi, lakini sijaona tena uso ukifa vile.

Hakunichapa. Alikaa sakafuni, majani yamemganda kwenye nywele, akasema, "Aikande, irudishe kanisani. Leo."

Kanisani Mzee Ndelilio alinitaka nipige kwanza. Nilipomaliza alikuwa anafuta macho kwa kofia yake. "Hilo ni kosa la marehemu," akasema. "Nimemgombeza nalo mpaka nikachoka. Wewe tutakunyoosha mapema."

Na kweli walininyoosha. Krismasi nilivaa sare iliyonipwaya, kanisa limejaa watu waliorudi kutoka Dar na Arusha, nikapiga kila pigo mahali pake. Mama alikaa benchi la mbele. Wimbo ulipokaribia ubeti wa mwisho nilimwona ameinua kichwa, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Ubeti ukapita. Akainamisha kichwa.

Njiani akaniuliza, "Lile la Elisante umeliacha?"

"Lilikuwa kosa, mama. Wamenirekebisha."

"Haya," alisema. "Umepiga vizuri."

Nikarukaruka kwa furaha mpaka nyumbani. Miaka mingi niliamini kwamba mama alichukia kunisikia nikipiga kama Elisante, na kwamba siku ile ya Krismasi nilimtua mzigo. Kumbe alikwenda kanisani kumsikia mwanawe mara moja tu, akiwa amejiandaa safari hii, nami nikampigia wimbo uliosafishwa. Niliyajua haya mwaka jana, mama alipokuwa hawezi tena kuinuka. Mchana mmoja, jua likiwa mlangoni, aliniambia nilete ndoo.

"Nipigie kama yeye."

Nikakata tawi la mbuni, nikachonga vijiti, nikaketi kando ya kitanda. Kabla ya ubeti wa mwisho nikaulazimisha mkono uchelewe. Ukakataa. Nikarudia, nikarudia tena, na kila mara pigo lilitua palepale linapotakiwa. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akanyoosha mkono, akanigusa goti.

"Hapana," alisema. "Huyo ni wewe."