Mnaomcheka Yaya Mapendo, Someni Hapa

Bado sijakubali. Jana walinipigia kutoka hospitali ya Baraka kwamba yaya Mapendo ametutoka, nami nikamwambia aliyepiga asirudie kusema hivyo. Leo nimeona jeneza. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe, au msinisamehe.

Mlioko mbali hamkumjua. Yaya kwetu ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto. Kwetu huku eneo la Fizi alikuwa mama wa kinga, maana baiskeli sisi tunaiita kinga, na yeye alipanda ile milima mpaka Lubondja akiwa na kitenge kiunoni na mfuko wa majani ya dawa kwenye keria.

Tangu jana nasoma maoni yenu humu. "Mbona majani yake hayakumponya?" "Si alikuwa anakataa hospitali?" Mnaongea msichokijua. Yaya alikuwa na presha, alimeza vidonge vya daktari kila asubuhi, na amefia hospitalini alikojipeleka mwenyewe.

Nitawaambia alivyokuwa, halafu mwendelee kucheka mkiweza.

Wakati wa vita magari yaliisha barabarani. Wanaume waliogopa njia, kwa sababu wakikutwa walibebeshwa mizigo ya askari na wengi hawakurudi. Yaya akachukua kinga ya marehemu mume wake, akajifunza kuipanda kwenye uwanja wa kanisa pale Lweba, sote tukimtazama anavyoanguka.

Mzee mmoja wa ukoo akamwambia, "Mwanamuke akipanda kinga hatazala tena."

Yaya akamjibu bila kushuka. "Muzee, mi nilishazala ya kutosha. Uniachie njia."

Basi akawa anapita kijiji hadi kijiji, anakaa jikoni na akina mama. Maji yachemshwe. Mtoto akiharisha, apewe maji yenye sukari na chumvi kidogo. Majani ya mlonge yakaushwe, yasagwe, yatiwe ndani ya sombe, yaani kisamvu, ili watoto wapate nguvu. Mchaichai kwa mafua. Vitu vya nyumbani tu, kwa watu ambao famasi yao ilikuwa imeporwa hadi milango.

Alikuwa mkali pia. Ukimwambia umechemsha maji, anainama anagusa sufuria. Mimi aliwahi kunigombeza mbele ya mama mkwe wangu na hakuniomba radhi mpaka leo.

Lakini alijua majani yanaishia wapi. Hilo ndilo mnalolisahau.

Mwanangu Wilondja alishikwa na homa akiwa bado ananyonya. Asubuhi yaya alimkanda maji ya vuguvugu, akanionyesha namna ya kumpoza. Mchana mtoto akakataa titi, macho yakageuka juu. Nilimshika yaya mkono nikamwomba atafute majani mengine yenye nguvu zaidi. Akakimwaga chini kikombe cha majani alichokuwa nacho.

"Mambo ya majani imeisha. Umufunge mutoto mu kifua, tunaenda kwa infirmier."

Huyo infirmier, yaani muuguzi, alikuwa amekimbilia Fizi mjini na dawa alizookoa baada ya kituo cha Baraka kuporwa. Kutoka kwetu ziwani mpaka huko mjini ni kupanda tu. Mimi nimekaa kwenye keria, mtoto kifuani, yaya anakanyaga. Pale mlima ulipokataa tulishuka tukasukuma.

Tairi la nyuma likapasuka njiani. Gundi hatuna, pampu hatuna. Akalifungua, akautoa mpira wa ndani, akakata nyasi kando ya barabara, akazishindilia kwa kijiti mpaka tairi likawa gumu. Tukaendelea hivyo, na makalio yangu bado yanakumbuka ile safari.

Karibu na Fizi tukakuta kizuizi cha watu wenye bunduki. Mmoja akaukamata usukani. "Mushuke. Kinga inabakia hapa."

Yaya hakushuka. "Ukikamata kinga, ukamate na mutoto. We ndo utamufikisha kwa infirmier. Njia ni ile."

Mimi nilishaanza kusali. Yule mtu akamtazama yaya, akainama kubonyeza tairi, akaona nyasi zinachungulia pembeni. Akacheka, akawaita wenzake nao waje waone. "Hii kinga imekula nyasi sawa mbuzi. Tutapeleka wapi kitu kama hii? Mupite."

"Aksanti, chef," yaya akasema, akakanyaga kana kwamba hana haraka.

Tulipoipita kona, wale watu wasituone tena, aliisimamisha kinga akatapika kwa woga. Akafuta mdomo kwa kitenge, tukaendelea. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda saa ile.

Wilondja alichomwa sindano jua likiwa bado lipo. Leo ana ndevu, ni mwalimu kule Misisi, na asubuhi hii yuko Lweba anamchimbia yaya kaburi.

Kwa hiyo mkitaka kumwita mganga wa uongo, njooni mseme mbele ya huyo mtoto, msijifiche nyuma ya simu.

Mazishi ni kesho. Nimeambiwa wazee wa ukoo wamekataza kinga makaburini, eti mwanamke anafuata jeneza kwa miguu, kichwa chini, na mengine ni aibu. Tumesikia. Sisi wanawake aliotufundisha kukanyaga tunatoka Baraka asubuhi, kila mmoja na kinga yake, na tutatangulia mbele ya jeneza, vichwa juu. Anayetaka kutuzuia asimame barabarani tumwone.

Yaya wangu, uliniachia mtoto hai. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Ulale vizuri, Mapendo. Kesho tunakanyaga sisi.